Unauza nyumba? Anza na kile chumba kinachofungwa mlango

Mnunuzi anapopita ndani ya nyumba, anahesabu vyumba vya kulala. Sebule ataisifu, jiko atalikagua, lakini hesabu anayoondoka nayo ni ya vyumba: sisi tutalala hapa, watoto pale, na mama akija kututembelea? Swali hilo la mwisho hujibiwa na chumba cha ziada, ambacho wauzaji wengi hukiacha mpaka mwisho kabisa kwa sababu hakuna anayelala humo. Kwa miaka kimekuwa stoo ya nyumba nzima: masanduku, nguo zisizovaliwa, kitanda cha mtoto aliyekwisha kukua, kabati lisilofungika. Tangazo linasema vyumba vitatu, mnunuzi anafika anaona viwili na stoo. Anajua fika kwamba mizigo itahama, ila moyoni ameshatoa chumba kimoja, na bei atakayotaja itafuata moyo.

Nia ya mwongozo huu ni kukirudishia chumba hicho hadhi yake ya chumba cha kulala. Fedha inayohitajika si nyingi. Kazi kubwa ni jasho na uamuzi, na ndiyo maana nasisitiza uanze mapema: jipe wiki tatu au nne kabla ya siku ya kupiga picha, na zaidi ya hapo kama kuna ukuta wenye unyevu.

Amua kwanza chumba ni cha nini

Simama mlangoni ujiulize: mtu asiyetujua akisimama hapa, atasema hiki ni chumba cha nini? Akihitaji kuelezwa, chumba hakijawa tayari. Chumba chenye kitanda, meza ya kazi, mashine ya mazoezi na pasi kwa pamoja hakimwambii mtu kitu chochote, isipokuwa kwamba nyumba hii imejaa.

Ushauri wangu ni kwamba karibu kila mara kiwe chumba cha kulala. Nyumba hutangazwa kwa idadi ya vyumba vya kulala, na wanunuzi huchuja matangazo kwa idadi hiyo hiyo. Mwenye haja ya ofisi ataiona ofisi ndani ya chumba cha kulala bila msaada wako. Mwenye haja ya chumba cha mtoto hataona kitanda ndani ya ofisi kwa urahisi namna hiyo.

Kuna hali mbili ambazo ningefanya vingine. Ya kwanza ni chumba kidogo kiasi kwamba kitanda cha mtu mmoja, sentimita 90 kwa 190, kikiingia hakibaki njia ya kupita. Hapo weka meza, kiti na rafu moja, ukiite chumba cha kazi. Ya pili ni chumba kisicho na dirisha. Kanuni za ujenzi za mahali pengi hazikitambui chumba kuwa cha kulala kama hakina dirisha la kuingiza mwanga na hewa, na mara nyingi dirisha hilo linatakiwa pia liwe kubwa kiasi cha mtu kupita wakati wa moto. Ulizia kanuni za mahali ulipo kabla hujakihesabu kwenye tangazo. Ukiandika vyumba vitatu na mkaguzi wa mnunuzi akahesabu viwili, utakuwa umepoteza imani yake juu ya nyumba nzima, hata kwa yale uliyoyasema kwa ukweli.

Kama kuna mtu anayeishi humo

Chumba tunachokiita cha ziada huenda ni cha mtu: bibi, kijana aliyerudi nyumbani, mpangaji. Zungumza naye kabla hujagusa chochote. Mwambie tarehe ya picha, siku ambazo watu watakuja, na vitu gani unaomba viondolewe kwa muda. Mpangaji ana haki zake kwa mkataba na kwa sheria, zikiwemo za kupewa taarifa mapema kabla watu hawajaingia anapolala, na picha zenye vitu vyake binafsi hazipaswi kutangazwa bila ridhaa yake. Mzee aliyezoea mpangilio wake asiamke akakuta kitanda kimegeuzwa upande. Mwachie kiti chake na taa yake. Chumba kinachokaliwa kwa unadhifu kinavutia kuliko kilichopambwa kwa nguvu huku mwenyewe amenuna.

Toa kila kitu

Nasema kila kitu, na sababu yake ni hii: ukiamua kupunguza tu, utakuwa unahamisha vitu kutoka pembe moja kwenda nyingine. Chumba kikiwa kitupu kabisa ndipo utaona kuta, dari na sakafu, na ndipo utakapochagua kwa makusudi nini kirudi.

Tandika shuka kuukuu sebuleni au barazani, utenge mafungu: tunahama nalo, linauzwa au linatolewa, linatupwa. Usiruhusu fungu la nne la "tutaona". Kitu ambacho hujakigusa tangu kiingie chumbani humo, na ambacho hukumbuki kwa nini kimehifadhiwa, kinajulikana fungu lake. Zingatia makopo ya rangi yaliyobaki, betri kuukuu, dawa zilizokwisha muda na balbu ndefu za zamani: zile za floresenti zina zebaki, na makopo ya rangi na betri yana kemikali ambazo hazifai kuchanganywa na taka za kawaida. Ziweke kando upeleke panapopokewa taka za aina hiyo.

Yale mnayohama nayo yafungashwe sasa hivi kama ya safari, kwa kuwa kazi hiyo mtaifanya tu. Vitabu viingie kwenye maboksi madogo. Boksi kubwa lililojaa vitabu humvunja mtu mgongo au hupasuka chini. Andika yaliyomo ubavuni mwa boksi, maana maboksi yakipangwa juu ya mengine maandishi ya juu hayasomeki. Hati za nyumba, vyeti, pasipoti na risiti za matengenezo ziwe kwenye mkoba wake ambao hautachanganywa na chochote. Utazihitaji katikati ya mauzo, na hakuna jambo linalochosha kama kuitafuta hati ndani ya maboksi yaliyokwisha fungwa.

Halafu swali gumu: maboksi yaende wapi? Yasiende kabatini wala uvunguni. Mnunuzi makini hufungua makabati, na ana haki ya kufanya hivyo kwa sababu anayanunua. Akilifungua likamwagika, ujumbe anaoupata ni kwamba nyumba hii haina pa kuwekea vitu. Yapeleke kwa ndugu, au kwenye ghala la kukodi. Ikishindikana, yapange kwenye gereji au stoo halisi, ukuta mmoja, wima na kwa mstari, sakafu ionekane.

Kagua kabla ya kupamba

Chumba kinachofungwa muda mrefu huficha maradhi yake. Hewa haizunguki, hakuna anayeona doa likikua, na kabati lililobanwa ukutani hufunika mengine. Ingia mchana, fungua dirisha, washa na tochi, kisha zunguka polepole kuanzia dari kushuka.

Doa la rangi ya kahawia darini au juu ya dirisha ni maji. Tafuta yanakotoka: bati au kigae kilichohama, mfereji wa paa ulioziba, bomba la bafu la juu, ufa kwenye fremu ya dirisha. Ziba huko kwanza, subiri pakauke, ndipo upake rangi. Rangi ya maji ya kawaida haizuii doa la namna hii. Utapaka mara tatu na bado litajitokeza. Linahitaji rangi ya chini maalumu ya kuzuia madoa, kisha rangi ya ukuta juu yake.

Ukungu mweusi pembeni mwa ukuta au nyuma ya kabati una maelezo zaidi ya moja, na dawa inategemea maelezo. Huenda ni unyevu wa hewa unaogandia ukuta baridi, au ni maji yanayopenya ukutani kutoka nje au ardhini. Kuna jaribio rahisi. Kausha sehemu ndogo ya ukuta, bandika kipande cha karatasi ya alumini na uzibe kingo zote kwa utepe wa gundi, ukiache siku moja au mbili. Maji yakionekana upande wa nje wa karatasi, unyevu unatoka hewani: fungua madirisha kila siku, acha mlango wazi, sogeza kabati sentimita 5 hadi 10 kutoka ukutani hewa ipite. Maji yakiwa upande wa ndani, kati ya karatasi na ukuta, ukuta wenyewe una maji, na hapo muite fundi anayeelewa unyevu. Usikubali kuuziwa rangi kuwa ndiyo tiba.

Ukisafisha ukungu, vaa barakoa na glovu, na ulowanishe kwanza. Ukiusugua mkavu unautawanya hewani uuvute. Tafadhali usichanganye dawa ya klorini ya kuondoa madoa na siki, wala na dawa yoyote yenye amonia. Mchanganyiko huo hutoa gesi yenye sumu, na chumba kidogo chenye mlango uliofungwa ni mahali pabaya kabisa pa kujifunzia jambo hilo.

Nyufa nazo zina lugha yake. Nyembamba kama unywele kwenye plasta ni za kawaida: zikwangue kidogo, jaza puti, piga msasa. Ufa unaokwenda mshazari kutoka kona ya mlango au dirisha, unaozidi milimita 5 kwa upana, au unaorudi kila unapozibwa, ni wa kumwonyesha mhandisi.

Hapa nataka kusema jambo ninaloliamini kwa dhati. Kutengeneza ni haki yako, kuficha ni kosa. Kusogeza kabati ili lizibe ukungu, au kupaka rangi juu ya ukuta unaovuja wiki moja kabla ya mnunuzi kuja, ni kumwachia mtu na watoto wake ugonjwa wa kifua. Nchi nyingi sheria inamtaka muuzaji aeleze kasoro anazozijua, na mnunuzi aliyedanganywa anaweza kurudi na wakili. Kama huna uwezo wa kutengeneza, sema, ipunguze bei kwa kiasi hicho, na uiandike. Wanunuzi wanaoambiwa ukweli hawakimbii kama tunavyowadhania. Wanaokimbia ni wanaougundua wenyewe.

Maliza ukaguzi kwa vitu vidogo: bawaba inayolia, kitasa kilicholegea, dirisha lisilofunguka kwa sababu limepakwa rangi likiwa limefungwa, swichi isiyowaka, soketi iliyopasuka, kigae kinachocheza. Vingi vinamalizika kwa bisbisi au tone la mafuta, na mambo ya umeme muachie fundi umeme. Ukiviacha vyote, mnunuzi anajiuliza ni vingapi vingine asivyoviona.

Rangi

Ukiwa na fedha ya jambo moja tu katika chumba hiki, ipeleke kwenye rangi. Chagua iliyotulia na yenye joto kidogo: nyeupe ya maziwa, kijivu cha mchanga, udongo uliopauka. Nyeupe kali kama ya hospitali hufanya chumba kisichotumika kionekane kimekufa, na waridi au zambarau iliyokolea ya chumba cha mtoto humlazimisha mnunuzi kuanza kupiga hesabu ya kupaka upya. Kwenye ukuta wenye mabonde na viraka tumia rangi isiyong'aa. Mng'ao huonyesha kila kasoro mwanga unapoupiga ukuta kutoka ubavuni.

Kiasi cha kununua si cha kubahatisha. Chukua chumba cha mita 2.7 kwa 3.3 chenye kimo cha mita 2.7. Mzunguko wa kuta zake ni mita 12, ukizidisha kwa kimo unapata mita za mraba 32.4. Toa mlango na dirisha, inabaki kama 29. Mikono miwili, yaani kupaka mara mbili, ni 58. Lita moja ya rangi ya maji hufunika takribani mita za mraba 10 hadi 12 kwa mkono mmoja kwenye ukuta laini, kwa hiyo lita 6 zinakutosha. Ukuta mpya wa plasta hunywa zaidi, na unataka rangi ya chini kwanza.

Anza dari, fuata kuta, malizia milango na fremu. Rangi ya maji hukauka kwa kugusa ndani ya saa chache lakini hukomaa kwa wiki kadhaa, hivyo usiegemeze kabati ukutani siku ile ile. Maliza walau wiki moja kabla ya picha, madirisha yakiwa wazi, harufu itoke.

Kitanda kinachokitosha chumba

Kosa ninaloliona zaidi ni kitanda kikubwa kupita chumba. Mwenye nyumba anadhani kitanda kikubwa kinaonyesha chumba kikubwa, na matokeo yake ni kinyume. Kinachoonyesha ukubwa ni sakafu inayoonekana.

Turudi kwenye kile chumba cha mita 2.7 kwa 3.3. Ukiweka kitanda cha sentimita 180 kwa 200, kichwa kikiwa katikati ya ukuta wa mita 2.7, kila upande unabakiwa na sentimita 45, na mtu anapita kwa ubavu. Ukiweka cha 140 kwa 190, unapata sentimita 65 kila upande. Na hata kabati la kina cha sentimita 60 likikaa ukuta wa miguuni, bado kuna sentimita 80 za kufungulia milango yake. Kipimo cha kukariri ni sentimita 60: chini ya hapo njia haipitiki kwa raha. Chumba chembamba zaidi kipe kitanda cha mtu mmoja, ubavu ukutani, na uache upande mzima wazi.

Kitanda kionekane mtu anapofungua mlango, ila mlango usikigonge. Ukuta unaotazamana na mlango ndio wa kwanza kujaribu. Kama dirisha liko ukuta huo, kichwa cha kitanda kinaweza kukaa chini yake mradi hakizibi mwanga na dirisha linafunguka.

Je, chumba kiachwe kitupu? Ningekataa. Chumba kitupu hakina cha kulinganisha nacho, na watu wengi wanashindwa kukadiria kama kitanda kitaingia. Wasipoweza kukadiria, hudhani hakiingii. Azima kitanda kama huna. Wapo wanaopanga maboksi na kuweka godoro la upepo juu; inafaa kwa picha, lakini hakikisha linabeba uzito, kwa sababu siku ya kutembelewa lazima atatokea mtoto wa kurukia kitanda.

Matandiko yawe ya rangi moja au mbili, safi na yaliyopigwa pasi. Mikunjo ya shuka huonekana vibaya zaidi kwenye picha kuliko kwa macho. Mito miwili kwa kitanda cha wawili, mmoja kwa kitanda kidogo, na blanketi jepesi lililokunjwa miguuni. Rundo la mito ya mapambo halina msaada. Kando ya kitanda iwepo meza ndogo au stuli na taa. Zaidi ya hapo, kioo au picha moja ukutani, na kabati kama lipo. Basi.

Dirisha na taa

Osha kioo cha dirisha ndani na nje. Vumbi la miezi kadhaa hula mwanga mwingi kuliko watu wanavyofikiri. Ondoa pazia zito la giza, weka jepesi. Fito ya pazia ikipandishwa sentimita 10 hadi 15 juu ya fremu, na kuzidi dirisha sentimita 15 hadi 20 kila upande, pazia likifunguliwa litakaa ukutani na kioo chote kitabaki wazi. Dirisha litaonekana kubwa na dari itaonekana juu. Upana wa kitambaa uwe karibu mara mbili ya urefu wa fito ili kijikunje vizuri, na ncha ya chini iguse sakafu au ikaribie kuigusa. Pazia linaloishia katikati ya ukuta hukifupisha chumba.

Balbu zote za chumba ziwe za rangi moja ya mwanga. Kwenye pakiti tafuta Kelvini 2,700 hadi 3,000, mwanga wa manjano uliotulia unaofaa chumba cha kulala. Moja nyeupe ya bluu na nyingine ya manjano huharibu picha. Balbu ya LED yenye lumeni 800 hivi inatoa mwanga sawa na ile ya zamani ya wati 60. Kwa chumba kama tulichokipima, moja darini na nyingine kwenye taa ya kando ya kitanda vitatosha. Kioo cha kujitazamia kiweke ukuta ulio ubavuni mwa dirisha au unaotazamana nalo, kirudishe mwanga. Kabla ya kupigilia msumari angalia kinaakisi nini kutoka mlangoni. Kikiakisi choo, hamisha.

Kabati

Acha angalau theluthi moja tupu. Nguo chache, hanga za aina moja, shuka za wageni zilizokunjwa juu ya rafu. Sugua ndani ya droo. Usiache humo kito, fedha, dawa, funguo za akiba wala barua zenye jina na akaunti zako, kwa sababu watu usiowajua wataingia na hutakuwa macho kwa kila mkono.

Harufu

Pua ya mwenye nyumba imeshazoea. Muombe rafiki mkweli aingie chumba kikiwa kimefungwa usiku kucha, akwambie anachonusa. Harufu ya uvundo mara nyingi hukaa kwenye godoro, zulia na mapazia. Fua mapazia. Nyunyiza magadi soda ya kuokea juu ya godoro na zulia, yaache saa kadhaa, kisha yavute kwa mashine ya kufyonza vumbi au yafagie vizuri. Godoro likiwezekana lianikwe juani. Harufu ikirudi baada ya yote hayo, rejea kwenye ukuta na unyevu. Kuna jambo hukuliona.

Usijaze manukato. Harufu kali ya maua kwenye chumba kilichofungwa humfanya mnunuzi atafute kinachofichwa, na wenye pumu wanashindwa kukaa humo hata dakika tano. Harufu inayotakiwa ni ya hewa safi tu.

Picha

Wengi wataamua kuja au kutokuja kwa picha hizi, kwa hiyo zipe muda. Piga saa ambayo chumba kina mwanga mwingi bila jua kali kumwagika kitandani. Fungua pazia, washa taa zote, ficha nyaya na pipa la taka. Simama mlangoni au kwenye kona, kamera ikiwa kimo cha kifua, kama mita 1.2 hadi 1.4 kutoka sakafuni, na uishike sawasawa ili mistari ya kuta na milango isimame wima. Picha ziwe za mlalo, upana ukizidi kimo. Lenzi pana ya simu husaidia chumba kidogo, lakini ikizidi huvuta kitanda kikaonekana kama mashua, na mnunuzi atakayefika atajisikia amedanganywa. Picha mbili zinatosha: moja inayoonyesha kitanda na dirisha, nyingine kutoka upande wa dirisha ikitazama mlango na kabati. Kagua kioo cha ukutani usije ukajipiga mwenyewe.

Andika vipimo vya chumba kwenye tangazo. Pima kwa futi ya chuma, ukuta hadi ukuta, na useme kama kabati la ukutani limehesabiwa au la.

Siku wanapokuja

Nusu saa kabla, fungua dirisha na mlango hewa ipite. Washa taa hata kama ni mchana. Nyoosha shuka, futa vumbi la mezani, ondoa wadudu waliokufia kwenye kingo za dirisha. Chumba kisichotumika hukusanya wengi.

Wakifika chumbani, waache watangulie. Chumba kidogo chenye wanunuzi wawili, dalali na mwenye nyumba mlangoni kinakuwa kama lifti. Wewe baki koridoni. Usiwaambie "hiki ni chumba cha wageni" kwa sauti ya kuomba radhi, kana kwamba si chumba kamili. Wakiuliza, jibu yale ambayo macho hayawezi kuyaona: jua linaingia asubuhi au jioni, barabara inasikika usiku au haisikiki, ukuta ule ulitengenezwa lini na fundi alifanya nini. Kama una risiti ya matengenezo, iwe karibu.

Kisha wasikilize. Watu watatu wakisema chumba kina giza, badilisha balbu au pazia kabla ya wa nne. Wakiuliza wote kama kitanda kikubwa kitaingia, weka kadi ndogo yenye vipimo juu ya meza ya kando ya kitanda.

Mkishakubaliana bei

Kaeni na mnunuzi au wakili wake mwandike kinachobaki chumbani na kinachoondoka. Vilivyofungwa ukutani, kama kabati la ndani, fito za pazia, taa za darini na feni, kwa kawaida huhesabiwa kuwa sehemu ya nyumba. Kitanda, kioo cha kuning'iniza na mapazia yenyewe huzua ubishi. Kama ulivutia mnunuzi kwa kitanda cha kuazima, hakikisha orodha inasema wazi kwamba kitanda kinaondoka. Piga picha ya chumba siku ya kusaini, na siku ya kuhama jaza puti matundu ya misumari, fagia, uache kopo la rangi iliyobaki likiwa na namba yake ya rangi, kwa ajili ya viraka vya mwenye nyumba mpya.